Ringi ya Kulia

Hii ni ya tatu tangu miti ipukutike.
Kaibeba kifuani kama sinia la mgeni,
mvua ya Swansea ikimtiririka ndani ya kola.
"Mke wangu," akasema Gethin Prydderch,
"yeye na mawe ya barabara hawapikiki chungu kimoja."
Nikacheka. Mteja ukimwacha acheke peke yake, harudi.

Hakuuliza bei. Alichoshikilia ni siku:
Alhamisi, kabla hajawafuata wajukuu shuleni.

Nimeilaza juu ya blanketi, uso juu.
Aluminiamu iliyong'arishwa haijui kutunza siri.
Mwanga wa taa unateleza, unateleza, laini kama maziwa,
halafu unajikwaa:
shubiri nzima ya ukingo imetafunwa,
meno madogo ya chuma yamesimama, yanakamata kitambaa.

Marehemu baba, Idwal, aliyeniachia karakana hii
pamoja na deni la jeki mbili,
alinifunza hivi: jeraha la ringi halijazwi.
Unawashusha majirani wake
mpaka walingane nalo.
Kila ninachokitengeneza hapa, nakipunguza.

Basi tupa kwanza, kwa mkono mwepesi, kufuata duara.
Kisha msasa namba mia mbili arobaini, mia nne,
mia sita, mia nane, na maji ya ndoo,
kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya mwenzake aliyetangulia
na kuacha yake, midogo zaidi,
kama mawaziri.
Tope la kijivu linanijaa kwenye kucha.
Elfu moja mia mbili. Sasa vidole vinasikia
kile ambacho macho hayajakiona.

Na ni hapo, kabla mfereji haujakwisha,
nilipotoa kwa sindano chembe ya jiwe la bluu
yenye rangi ya njano upande mmoja.

Jiwe la bluu halipo tena madukani wala shuleni,
huko wameshaweka zege.
Limebaki Mtaa wa Pantygof, ule unaopanda upande mmoja tu,
wenye mstari wa njano, nyumba kumi na moja,
duka la maua lililofungwa
na kliniki ya macho.

Tena ni ringi ya kulia.
Zote tatu za kulia, za mbele.
Huku kwetu dereva hukaa kulia;
upande huo jiwe liko chini ya kiwiko chake,
hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halikosi kuliona.

Na Eluned namkuta kila Jumanne kituo cha basi,
kiroba cha viazi kati ya miguu,
hajashika usukani tangu mwaka wa nyonga.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema.
Hawakusema lolote juu ya anayelipwa
kufuta alama za dole.

Nilimaliza hata hivyo. Mikono ina ujinga wake.
Nikapaka polishi, nikabonyeza gurudumu la pamba,
weusi ukatoka, ukatoka, ukatoka,
mpaka nikaona dari la karakana limekaa ndani ya chuma,
taa yake, na mwanamke mwenye miwani ya plastiki
asiyejua afanye nini.

Alhamisi, saa nane na robo, alikuja.
Tukaifunga pamoja kwenye gari, mimi nikikaza nati.
Akapitisha kiganja juu ya ringi, pole pole, akafumba macho:
"Kama haikuwahi kutokea."
"Eluned hajambo?" nikauliza.
"Hajambo. Anajifunza kuegesha."

Nikamnyoshea funguo.
Mkono wake ukaja kwa uhakika wote,
ukashika hewa, upana wa kiganja kando.
Akatabasamu kwa mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Shuleni hutoka saa tisa kasoro kumi.
Mvua imezidi.
Funguo bado ninazo mimi.